Somo: Kuandika CV itakayomfanya mwajiri akupigie simu

Wakuu, CV nyingi za vijana wetu zinawekwa pembeni ilhali mwombaji sifa anazo. Kilichokosekana ni maelezo ya kazi zenyewe alizofanya. Pameandikwa vyeo tu.

Hatua ya 1. Soma tangazo ukiwa na kalamu. Wakitaka mtunza stoo anayejua leja (daftari la mali inayoingia na kutoka) na kuhesabu mali, maneno hayohayo yaonekane kwako, mradi kweli umezifanya kazi hizo. CV ileile kutumwa kila mahali ndiyo inayotuponza.

Hatua ya 2. Juu weka jina kama lilivyo kwenye vyeti, simu inayopatikana na barua pepe. Dini na kabila havihusiki.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Uzoefu huanza na kazi ya karibuni kurudi nyuma. "Msaidizi wa stoo, Kariakoo" haimwambii mwajiri lolote. Andika: "Nilipokea na kutoa mizigo ya maduka matatu, nikahesabu mali kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja." Sasa anakuona ukifanya kazi. Field ya chuoni, yaani mafunzo kwa vitendo, ni uzoefu. Duka la mama uliloshikia daftari la mauzo na madeni, ukatoa risiti kwa mashine ya EFD (ya risiti za kodi), nalo ni uzoefu, msilionee haya.

Hatua ya 4. Elimu, kisha wadhamini watatu. Wapigie kwanza, maana mdhamini aliyeshtukizwa hujibu kwa kusitasita.

Kurasa mbili zinatosha. Tuma kwa PDF.

MASWALI

Swali: Mkuu, cheti cha chuo bado hakijatoka. Niombe serikalini kwa matokeo ya muda?

Jibu: Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za serikali ya Tanzania, husema wazi kuwa matokeo ya muda hayakubaliwi. Fuatilia cheti chuoni wiki hii. Kwa kampuni binafsi omba tu, ukitaja mwezi na mwaka uliomaliza.

Swali: Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Fuata lugha ya tangazo, isipokuwa wameelekeza vingine.

Swali: Tangu nimalize diploma ya ugavi naendesha bodaboda. Nifiche?

Jibu: Usifiche, kaka. Ukiacha pengo, mwajiri atalijaza kwa mawazo yake. Kama ulipeleka mizigo ya wateja, ukapokea fedha na kuzikabidhi bila upungufu, andika hivyo hivyo, na mmoja wa wateja hao mwombe awe mdhamini.