Jinsi ya kuandaa vitu vya wasanii kwa mnada: kazi ya chumba cha nyuma hatua kwa hatua

Hapa Dodoma ukisema mnada watu akili inaenda moja kwa moja Msalato, mbuzi, nyama choma, dalali anapaza sauti. Mi naongelea mnada wa vitu vya burudani, yani santuri za zamani, magitaa, mavazi ya jukwaani, mabango ya madansi, malimba (vile vinanda vya kupigwa kwa vidole gumba, kimoja ni ilimba) na mazeze ya wazee wa Kigogo. Nyundo anagonga mwingine, mimi nipo chumba cha nyuma napokea, nakagua na kuandika, na niwaambie ukweli, bei inatengenezwa huku nyuma kabla dalali hajasimama, maana mnunuzi analipia historia ya kitu, na historia isiyo na ushahidi hailipiwi.

Hatua ya 1: Mpokee mtu kwanza, kitu baadae

Salimia vizuri, shikamoo kama ni mtu mzima, mpe kiti, muombe ruhusa urekodi kwa simu afu mwache aongee. Tuseme mama katoka upande wa Chamwino na santuri za marehemu mumewe kazifunga kwenye kanga. Ukimuuliza "mama, una uthibitisho gani?" anahisi unamuita mwizi na hapo stori imekufa. Muulize "mama, baba alizipata wapi hizi?" utasikia mji, duka, bendi iliyokuwa inapiga kipindi hicho, rafiki yake aliyekua anakuja kusikiliza jioni, na huyo rafiki ndo unamtafuta baadae athibitishe.

Siku hiyo hiyo andika nani mmiliki na kitu kimemfikiaje. Kama ni mali ya marehemu mi sipokei bila barua ya msimamizi wa mirathi, hata mtu alie, maana ndugu wakija kujitokeza siku ya mnada ni aibu kwa kila mtu. Hata huko nje ni hivyo hivyo, vile viatu vyekundu alivyovaa mwigizaji Judy Garland kwenye filamu ya The Wizard of Oz ya 1939, jozi moja iliibiwa makumbusho huko Minnesota, Marekani mwaka 2005, ikapatikana 2018, na ilibidi kwanza irudi kwa mmiliki wake halali ndo ikapigwa mnada Dallas Desemba 2024. Mwisho mpe risiti ya mapokezi yenye picha ya kitu, sio maneno ya mdomo.

Hatua ya 2: Usisafishe!

Hii naisema kwa herufi kubwa moyoni. Mtu anapata gitaa la zamani anakimbilia polishi, anapata shati la jukwaani analiloweka na sabuni. Jasho, doa, alama ya sigara, hivyo vyote ni ushahidi. Sweta alilovaa Kurt Cobain, mwanamuziki wa rock wa Marekani, kwenye onyesho la televisheni ya MTV la 1993 liliuzwa 2019 kwa dola 334,000 likiwa halijafuliwa, lina madoa na tundu la sigara.

Ilimba ndo inahitaji macho zaidi. Kwenye ubao wa mbele kuna tundu dogo limezibwa na utando wa buibui, ule ndo unaleta ile sauti ya kuvuma, sasa mtu asiyejua akiona utando anadhani uchafu anaufuta na kidole, au anapuliza vumbi kwa mdomo unapasuka. Vumbi letu la Dodoma litolewe kwa brashi laini, polepole, ukikaa mbali na hilo tundu, na ukishaona limetoka la juu acha. Glavu za nitraili (zile za mpira) vaa ukishika picha na vyuma, karatasi shika kwa mikono safi mikavu inatosha.

Hatua ya 3: Thibitisha

Mtu akileta ilimba akasema ilikua ya Hukwe Zawose usikatae na usikubali. Mzee Zawose alikua Mgogo wa huku kwetu, akafanya kazi Bagamoyo, akapiga majukwaa mengi ya Ulaya hadi alipofariki 2003, kwahiyo picha na video zipo. Tafuta picha yenye tarehe na mahali, ikuze, afu linganisha vitu ambavyo binadamu hawezi kuvirudia: mistari ya mbao, ufa ulipoanzia na ulipoishia, chuma kilichopinda, mkwaruzo pembeni. Umbo na rangi havithibitishi kitu, malimba mengi yanafanana. Ukipata alama kadhaa zinazokubaliana na hamna hata moja inayopinga, hapo una kitu, usipopata andika tu "kwa maelezo ya mmiliki" na uishie hapo, usiongeze chumvi.

Angalia na ngozi. Zeze na ngoma za zamani zingine zimewambwa ngozi ya kenge au mnyama mwingine wa porini, na ukiwa na nyara ya serikali (yani mnyama wa porini au sehemu ya mwili wake) bila kibali sheria ya wanyamapori ya 2009 inakuhusu wewe uliyeishika. Ukiwa na shaka nenda maliasili kabla ya kupokea. Na kitu cha kale hakivuki mpaka bila kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ipo toka 1964, kwahiyo mnunuzi wa nje aambiwe hilo mapema.

Hatua ya 4: Ripoti ya hali

Andika kasoro zote, hata zinazouma. Santuri ishike kingoni, iinamishe chini ya taa moja kali, mikwaruzo itajionyesha yenyewe. Soma namba iliyochongwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo, inasaidia kujua ni toleo gani. Zile sahani nzito za gramafoni za mizunguko 78 usiguse na spiriti kabisa, inaziyeyusha. Zote zihifadhi zimesimama wima mbali na dirisha, jua la Dodoma la mchana linapinda santuri.

Hatua ya 5: Namba, picha, katalogi

Kila kitu kiwe na namba ya loti (loti ni kitu au fungu linalouzwa kwa mara moja) kwenye kikaratasi cha kufunga na uzi wa pamba, hamna stika wala selotepu juu ya kitu chenyewe, na kama lazima uandike nyuma ya picha tumia penseli. Piga picha mbele, nyuma, pembeni na kila kasoro. Maelezo ya katalogi yawe mafupi.

Hatua ya 6: Bei

Weka makadirio ya chini na ya juu, na mkubaliane na mmiliki bei ambayo chini yake haiuzwi, hiyo ni siri yenu na isizidi makadirio ya chini. Afu mfafanulie kamisheni na ada kwa mfano, vile viatu vya Dallas nyundo iligongwa kwenye dola milioni 28 ila mnunuzi alilipa milioni 32.5 ukijumlisha ada ya nyumba ya mnada. Wazee wengi wanasikia ile namba kubwa tu, wanajua yote ni yao.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mpange vitu kwa mfuatano wa loti toka usiku wa jana yake. Watu wawili waandike, kila mmoja na daftari lake: loti, bei, namba ya kibao cha mshindi. Madaftari yakitofautiana dalali asimame hapo hapo, sio baadae.

Hatua ya 8: Malipo na mzigo

Usiachie kitu kwa meseji ya muamala mtu anayokuonyesha kwenye simu yake, subiri hela iingie kwenu. Santuri zifungwe kati ya maboksi magumu, zisimame, na kama zinaenda Dar kwa basi mwambie kondakta zikae ndani na abiria, kule chini kuna joto. Mmiliki alipwe kwa karatasi inayoonyesha bei ya nyundo, kamisheni na kilichobaki, na faili lenye rekodi ya sauti, picha na barua ya mirathi lipige kopi mbili, moja aende nayo mnunuzi, nyingine ibaki kabatini kwenu kwa sababu siku akitaka kuuza tena ataanzia hapo.