Hesabu Sekunde Kabla ya Kutoka Ofisini

Jioni moja wingu zito likiwa limetanda na sisi tukiwa tunazima kompyuta, mwenzangu ofisini alinifundisha jambo ambalo sasa silikosi: ukiona mmweko wa radi, anza papo hapo kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3, na jibu utakalopata ni umbali wa radi kwa kilomita. Mwanga hufika machoni karibu mara moja, ilhali sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo huchukua karibu sekunde 3 kumaliza kilomita moja; ukihesabu 12, radi imepiga umbali wa kilomita 4 hivi. Ikiwa hesabu haifiki sekunde 30, baki ndani, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imekwisha kukatika na wenzako wanakuita mlangoni. Hesabu kwa kutazama mshale wa sekunde kwenye saa, kwani mwenye haraka ya kuondoka huhesabu mbio bila kujua. Njia hii hushindwa pale mimweko inapofuatana upesi, kwa kuwa huwezi kujua ngurumo ipi ni ya mmweko upi, au pale kelele za barabarani na za kiyoyozi zinapoifunika sauti. Wala haikuambii radi ijayo itapiga wapi. Ukisikia ngurumo pasipo kuona mmweko, usihesabu chochote, bali chukulia kwamba radi iko karibu vya kutosha kukudhuru.