Bwawa la umwagiliaji: jinsi ya kujua linamnufaisha nani

Hekta zinazotangazwa siku ya uzinduzi ni zile zilizochorwa kwenye ramani. Zinazopata maji ni hesabu nyengine, na hiyo hupimwa mferejini. Njia hii inafaa mabonde ya mradi wa mkopo wa Benki ya Exim ya Korea, kama Cheju na Kinyasini kwa Unguja au Mlemele na Makwararani kwa Pemba, na bonde lolote lenye mfereji wa zege.

Usipime masika, wakati huo kila jaruba lina maji na hakuna wa kulalamika. Nenda Januari au Februari, siku ambayo mlango wa bwawa umefunguliwa. Chukua tepu, simu yenye saa, na chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hivyo upepo wa kaskazi haulisukumi. Chupa tupu itakudanganya.

Chagua kipande cha mita 10 kilichonyooka, kisicho na magugu. Tupa chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, hesabu sekunde mpaka ya pili, rudia mara tatu, tafuta wastani. Tuseme ni sekunde 25: kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8, kwani maji ya chini na ya kando huenda polepole. Kisha zidisha kwa upana na kina cha maji, kwa mita. Maji yakiwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30, unapata mita za ujazo 0.058, yaani lita 58 kwa sekunde, kama mita za ujazo 5,000 kwa siku nzima. Eka ya mpunga, pamoja na upotevu, ihesabie mita za ujazo 60 kwa siku. Mfereji huo basi unatosha kama eka 80, hata tangazo likisema 200.

Siku hiyohiyo pima katikati na karibu na mwisho. Maji kupungua peke yake si wizi, maana wa juu nao wana haki yao. Gawa lita kwa eka zilizobaki kuhudumiwa. Juu, kama eka zote ni 80, ni lita 0.7 kwa eka. Katikati, penye eka 40 mbele, ukikuta lita 10 tu, ni 0.25. Hapo fuata mfereji kwa miguu: tuta lililotobolewa, pampu ya mboga, ufa wa zege, mchanga uliojaa. Andika jaruba ni la nani.

Swali gumu zaidi ni la ardhi. Eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 mara nyingi hulimwa na mtu mwengine, kwa kodi. Waulize wakodishaji, mmoja mmoja, kodi ya kabla ya bwawa na ya sasa, na magunia waliyovuna misimu yote miwili. Kodi ikipanda kuliko thamani ya mavuno yaliyoongezeka, faida imehamia kwa mwenye eka, pengine anayekaa mjini.

Matokeo yapelekwe kwa jumuiya ya watumiaji maji na kwa sheha kwa maandishi, nakala moja ibaki kwenu yenye tarehe ya kupokelewa. Mwakilishi wa jimbo naye apewe kabla ya kikao cha bajeti ya kilimo.