Daftari la Maamuzi: Namna Ninavyoliweka

Nalima Kongwa, ekari nne: mtama, alizeti, karanga kidogo, na mahindi ambayo kila mwaka naapa nitayaacha. Msimu wetu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na katikati, mara nyingi Februari, mvua hukatika wiki mbili au tatu. Ukikosea, hakuna vuli ya kukuokoa kama watu wa Tanga.

Mwaka mmoja nilipanda mahindi yote kwa mvua ya kwanza. Yalinyauka yakiwa yanatoa mbelewele. Jirani yangu aliyechelewa kwa sababu ya msiba akavuna. Mwaka uliofuata nikasubiri kama yeye, mvua ikaishia Machi. Wifi yangu akasema nina mkosi, nami nikakubali. Nilikubali miaka kadhaa, mpaka niliponunua daftari.

Fanya hivi. Kabla ya jambo lisilorudishika, iwe kupanda, kuuza ng'ombe au kumpeleka mtoto chuo, andika tarehe, unachokijua siku hiyo, usichokijua, na sababu yako. Mistari mitano inatosha. Usisubiri mavuno ndipo uandike, maana hapo moyo umeshajifunza kudanganya: utasema ulijua tangu mwanzo.

Unachokijua kiwe cha kushikika. Mimi baada ya mvua nachimba kwa jembe. Udongo usipolowa hadi chini ya shubiri moja, mahindi hayaingii. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nauandika kama ulivyosomwa redioni, "wastani hadi chini ya wastani", bila kuongeza matumaini yangu.

Kisha usimalize uamuzi wote kwa siku moja. Ekari mbili za mtama, aina ya Macia, nazipanda mapema. Alizeti hungoja Januari. Na kilo tano za mbegu hazitoki uvunguni, ni za kurudishia panapokufa. Ndege wakila mtama, na watakula, bado kuna kitu.

Baada ya mavuno keti na daftari. Kila ukurasa naweka herufi: M ni mimi, V ni mvua. M ni pale nilipoyajua ya kunikataza nikafanya tu. Hapa kwetu Waingereza walikuja 1947 na matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, kulima karanga. Mvua ikawapiga chenga, udongo ukakauka kama saruji, na 1951 mradi ukafutwa. Ule naupa M kubwa. Mvua ya huku ilikuwa hivyo hivyo kabla hawajafika, na Wagogo wenye mashamba walikuwapo wa kuulizwa. Yale mahindi yangu ya mbelewele? Udongo ulikuwa umelowa vizuri, majirani wengi walipanda wiki ile ile. V. Kusubiri mwaka uliofuata ndiko kulikuwa M: niliiga msiba wa mtu nikauita maarifa.

Ukurasa ninaourudia zaidi hauna shamba. Niliuza maksai wawili binti yangu asomee uuguzi. Mwaka wa pili aliacha, akarudi nyumbani na begi moja. Nilikasirika, nikafungua daftari nipate pa kumshika. Nilikuta mwandiko wangu: "Ana akili. Maksai wanaweza kufa kwa ukame. Ameomba mwenyewe." Na chini yake, kwenye usichokijua: "Kama ataipenda damu." Nilikaa na ukurasa ule hadi taa ikaisha mafuta. Kwa niliyoyajua siku ile, ningewauza tena. Sikuandika M, wala V.

Sasa macho yangu yamechoka, yeye ndiye anayeandika. Msimu huu, kwenye mstari wa sababu, ameandika: "Tunapanda mahindi kwa kuwa mama anapenda ugali mweupe." Nimemwambia auache, ni kweli.