Mlioko Uingereza, angalieni ada ya akaunti yenu

Ndugu zangu mlioko Uingereza, fungueni taarifa ya benki leo mwone kama mnakatwa ada ya akaunti kila mwezi. Mimi nilikatwa pauni 13 kwa miaka, eti bima ya safari, ya simu na ya gari kuharibika njiani. Gari lenyewe sina! Kama uliambiwa ni lazima, au bima hiyo isingekufaa tangu mwanzo, iandikie benki malalamiko, udai ada zote pamoja na riba. Wana wiki 8 za kukujibu. Wakikataa, una miezi 6 ya kupeleka shauri Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro kati ya wateja na benki, bila kulipa hata senti. Mawakala wa madai waacheni kabisa, watamega hela yenu kwa barua mnayoweza kuiandika wenyewe.