Sindano za homoni za kupunguza uzito, jinsi ya kuzitumia bila kujitesa

Ukishakula, utumbo unatoa homoni inaitwa GLP-1 inayoambia ubongo umeshiba, ila ya mwili inaisha ndani ya dakika chache tu. Semaglutide, moja ya dawa za sindano hizi, inaiga hio hio lakini inakaa siku nyingi, ndo maana unachoma mara moja kwa wiki, na tumbo linachelewa kumwaga chakula so unashiba mapema. Tirzepatide, sindano nyingine ya aina hii, inaiga GLP-1 na pia homoni ya pili ya utumbo, GIP.

Kwanza daktari, tena mwambie kila kitu: ujauzito au mpango wa kubeba mimba, kongosho kuwahi kuvimba, kansa ya tezi ya shingo (thyroid) kwenye familia, dawa za sukari unazotumia.

Dozi inaanza chini, semaglutide ya uzito ni miligramu 0.25 kwa wiki 4 alafu inapanda taratibu. Usiruke hatua eti unataka haraka, utatapika mpaka uichukie. Choma tumboni, pajani au nyuma ya mkono wa juu, badilisha sehemu kila wiki, sindano ambayo hujaifungua ikae kwenye friji ila isigande.

Kichefuchefu kikija kula kidogo kidogo, punguza mafuta, acha kula ukishiba hata kama sahani haijaisha (hapa wengi wanafeli), na kunywa maji mengi manake dawa hizi zinafanya choo kuwa kigumu. Protini na mazoezi ya kubeba vyuma usiache, la sivyo unapoteza na misuli. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, hospitali saa hio hio.

Na kabla ya kuacha ongea na daktari, kwa wengi kilo zinarudi.