Vitamini C kwenye chakula cha perege na mwatiko

Perege na mwatiko, samaki wa kufugwa, hawawezi kujitengenezea vitamini C. Ini lao halina kimeng'enya (kichocheo) cha hatua ya mwisho ya kuitengeneza. Wakiikosa, kolajeni, protini inayoshikilia mifupa na ngozi, haikazi: uti wa mgongo hupinda, vifuniko vya matamvua huliwa pembeni, vidonda havifungi. Mshike kifaranga mmoja, mtazame kutoka juu. Mgongo ukiwa kama herufi S, hautanyooka tena, waokoe waliobaki.

Ukisaga chakula mwenyewe, Mikindani au Lindi, nunua vitamini C iliyofungamanishwa na fosfeti. Ile ya kawaida hufa kwa moto, maji na hewa. Lenga miligramu 100 kwa kilo ya chakula. Kwa kilo 100 unahitaji gramu 10 halisi. Unga wenye nguvu ya asilimia 35 ni gramu 29. Uchanganye kwanza na kilo moja ya pumba laini, ndipo usambaze kwenye kilo zilizobaki, la sivyo tembe nyingine zitatoka tupu.

Uji wa muhogo wa kugandishia upoe kabisa kwanza. Anika kivulini, tafadhali, si juani! Joto na unyevu wa pwani yetu haviisamehe vitamini hii: funga gunia vizuri, liinue kutoka sakafuni, tengeneza cha mwezi mmoja tu.